Fundi Saa na Wimbo wa Paa

Haya anayoyaleta mjomba wenu leo hamtayaamini, wapwa, wala msijisumbue kujaribu. Mjomba aliwahi kuwasimulia habari za mbuzi aliyepanda ngazi hadi ghorofa ya tatu kufuata maganda ya ndizi, mkaamini. Akawasimulia jinsi alivyong'olewa jino na mlango wa benki, mkaamini, na mmoja wenu akataka alione pengo. Hii ya shemeji yake fundi saa mtaikataa, kwa sababu hii ndiyo ya kweli. Na mkikuta herufi zimekaa vibaya, mlaumuni mwalimu wa darasa la sita aliyemwambia mjomba akapumzike nyumbani siku mbili, naye mjomba akapumzika moja kwa moja.

Fundi saa alimwoa dada yake mjomba. Ni mtu mrefu, mkimya, mwenye kidole gumba kilichopinda kwa kuzungusha funguo za saa na jicho moja lenye mikunjo mingi kuliko lingine kwa ajili ya kubana lenzi. Duka lake lina upana wa mlango na nusu. Kushoto kuna saluni ya kina mama, kulia kuna mtu wa fotokopi, na katikati ya mngurumo wa mashine ya nywele na mkwaruzo wa mashine ya karatasi, Fundi hukaa nyuma ya meza ya kioo akisikiliza vitu ambavyo wengine hatuvisikii. Ukutani ana saa kumi na tisa na hakuna mbili zinazokubaliana. Mteja mgeni akiingia hucheka kimoyomoyo: fundi gani huyu, hata saa ngapi hajui. Kumbe amezipanga hivyo makusudi. Zikigonga zote kwa pamoja hawezi kujua ipi ni mgonjwa. Zikigonga moja moja, kila moja inajieleza.

Tena ana sifa moja ambayo mjomba wenu, kwa kazi zote alizowahi kufukuzwa, hakuwahi kuiona kwa fundi mwingine. Hajui kusema "njoo kesho." Fundi cherehani atakwambia njoo kesho mpaka unenepe na nguo isikuingie. Fundi viatu atakwambia njoo kesho mpaka uzoee kandambili. Fundi saa akisema Alhamisi saa tano, ni Alhamisi saa tano, na saa yako iko juu ya kitambaa cha manjano inakungoja wewe. Miaka thelathini na nne. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Dada yetu alifariki miaka sita iliyopita. Tangu hapo Fundi anaishi peke yake katika vyumba viwili juu ya duka. Kuna kitanda, meza, redio ya kaseti yenye mfuniko uliofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli, na vikombe viwili. Vikombe vyote viwili huoshwa kila jioni, ingawa kimoja hakichafuki. Ukipita kwenye ngazi utamsikia akiuliza, "Chai?" Kisha kwa sauti nyingine, nyembamba kidogo, anajibu, "Weka." Mjomba alipomsikia mara ya kwanza alisimama kwenye ngazi na mkate wake mkononi, akashindwa kubisha hodi. Akarudi chini akaula mkate wote mlangoni kwa mtu wa fotokopi.

Binti yao yuko mbali kikazi. Hupiga simu kila Jumapili.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

Wanacheka kidogo, halafu wanasikilizana wakihema, halafu mtandao unakatika, au mmoja wao anasema umekatika.

Sasa, kitu pekee ambacho Fundi anaweza kukizungumzia zaidi ya dakika tano ni kanda zake saba. Alizinunua ujanani, moja moja, kwa miaka kama kumi, kwenye kibanda kimoja cha kuuza kanda ambacho siku hizi kinauza vifuniko vya simu. Ni muziki wa roki, ule wa gitaa la umeme linalonguruma kama bati linaloburutwa kwenye lami. Lakini ukisema roki ukanyamaza utakuwa umewadhulumu waliopiga, maana kila kanda ina tabia yake, na kila kanda imeandikwa kwa mkono jina la bendi tofauti.

Ya kwanza ni Mbavu za Chuma. Humo kuna magitaa matatu na dramu za kuangusha plasta ya ukuta, na mwimbaji amemeza changarawe. Kuna wimbo wa mtu aliyekaa kwenye foleni akingoja namba yake iitwe. Hakuna maneno mengine, ni namba tu, moja, mbili, tatu, hadi arobaini na sita, na yeye ni arobaini na saba, na wimbo unaishia hapo. Mjomba alipousikia mara ya kwanza alisema hata mtoto wa chekechea anaweza kutunga hivyo. Mara ya pili ilipofika arobaini na tano alijikuta ameshika ukingo wa meza.

Ya pili ni Bendi ya Jirani, nayo ni ya kinanda, taratibu, kama unamsikia mtu kupitia ukutani. Ya tatu ni Wazee wa Kutu. Ya nne inaitwa Kina Dada Watatu, na kweli zinasikika sauti tatu za kike, nyembamba, zinazokimbizana kwenye kiitikio mpaka unajiuliza watapumua wapi. Ya tano haina mwimbaji kabisa, ni gitaa la besi na makofi. Mtunzi mwingine akipewa besi na makofi atakupa usingizi. Huyu alitunga wimbo wa mtu anayeshuka ngazi gizani akitafuta swichi ya taa, na bila neno hata moja unajua lini ameipapasa na lini taa imekataa kuwaka.

Na katika ya sita kuna ule wa ugomvi. Mke na mume wanagombana nani ainuke akafunge dirisha. Mume anaimba mstari, mke anamjibu, gitaa linawagonganisha kama vyombo kwenye beseni. Unapofika ubeti wa tatu, mume anaimba mstari wake na mke hajibu. Nafasi ya jibu lake imeachwa wazi, urefu ule ule. Mume anaimba tena, nafasi inabaki tena. Hakuna aliyesema amekufa, hakuna aliyesema ameondoka. Pale palipoachwa wazi, ukiweka sikio karibu kabisa na spika, unasikia saa ya ukutani.

Hiyo saa ndiyo iliyomvuruga shemeji. Maana haikuwa inatembea kama saa. Tik, ikanyamaza kwa muda mrefu, tak, ikanyamaza kwa muda mfupi. Hatua ndefu, hatua fupi. Kwa fundi saa huo ni ugonjwa: saa inachechemea. Na Fundi anasema saa zinachechemea kama watu, kila moja kwa namna yake, huwezi kuichanganya na nyingine. Akaanza kuitafuta kwenye kanda nyingine. Akaipata kwa Mbavu za Chuma, baada ya gitaa la mwisho kunyamaza. Akaipata kwa Bendi ya Jirani. Akaipata, wapwa, hata nyuma ya Kina Dada Watatu.

"Hizi si bendi saba," akamwambia mjomba, miaka hiyo dada yetu yuko hai. "Huyu ni mtu mmoja, chumba kimoja, saa moja."

"Na wale kina dada?"

"Ni yeye."

"Watatu wote?"

"Watatu wote."

Mjomba wenu alicheka wiki nzima. Akawa akikohoa tu anamwuliza, "Hicho nacho ni yeye?" Akasimulia saluni, akasimulia kwa mtu wa fotokopi, na kwa muda fulani Fundi alikuwa hapiti mtaani bila kuulizwa kina dada wake hawajambo. Yeye hakubishana. Alimpa yule mtunzi jina la Yule Bwana, na maisha yakaendelea.

Mtu mmoja tu hakumcheka, naye ni dada. Yeye alisema kama Fundi ameisikia, basi ipo. Lakini walikuwa na ugomvi wao mwingine, na huo ulidumu miaka ishirini na sita. Ni ule wimbo wa Wazee wa Kutu. Ni gitaa moja kavu, halafu kitu kama mtu anakwaruza kitu, krr, krr, na sauti ya chini inayorudia mstari mmoja tu:

*Paa taratibu, paa, mvua haijafika.*

"Ni paa la nyumba," dada alisema. "Mvua imetajwa hapo hapo. Bati linavuja, mtu analibembeleza."

"Nani anaambia bati taratibu?" Fundi akasema. "Ni paa wa porini. Anamwambia asikimbie."

"Na nani anampa paa wa porini taarifa ya hali ya hewa?"

Waliubishania huo wimbo wakikunja nguo, wakipanga foleni ya maji, wakirudi kwenye mazishi ya watu. Siku ya mwisho kabisa, dada akiwa kitanda cha hospitali, alimvuta mkono akamwambia, "Ukimpata Yule Bwana, muulize. Nikirudi nyumbani uniambie." Hakurudi. Fundi akabaki na swali, na mtu wa kumpelekea jibu hayupo.

Basi, mwaka jana, Jumanne moja asubuhi, akaingia mama mmoja mtu mzima, mfupi, amebeba kapu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Ndani ya kapu kulikuwa na kitu kimefungwa kwenye shuka la kitanda. Akalifungua juu ya meza ya kioo. Ilikuwa saa ya ukutani ya zamani, ya sanduku la mbao, yenye ule ulimi wa shaba unaoning'inia na kwenda huku na huku.

"Fundi, hii haijafa," akasema. "Inatembea vibaya. Nataka uinyooshe."

Fundi akaitundika kwenye msumari wa ishirini, akausukuma ulimi kwa kidole. Tik, kimya kirefu. Tak, kimya kifupi.

Mashine ya saluni ilikuwa inanguruma. Fotokopi ilikuwa inakwaruza. Fundi hakusikia hata kimoja. Akavuta kiti akakaa, akasimama, akakaa tena.

"Mama, hii saa ni ya nani?"

"Ni ya kaka yangu. Alikuwa hataki iguswe, hata vumbi nilikuwa nafuta kwa kuibia. Sasa hayupo. Mwezi wa tatu huu."

"Alikuwa anapiga muziki?"

Mama akamwangalia kama umwangaliavyo mtu aliyekutajia rangi ya godoro lako. "Alikuwa anapiga kelele chumbani kwake," akasema. "Kumbe na nyie huku mlimsikia?"

Hapo ndipo Fundi alipopaswa kufurahi. Miaka yote ya kuchekwa, ushahidi umeletwa kwenye kapu. Lakini alichosikia yeye ni lile neno moja, hayupo. Alimpata Yule Bwana na kumpoteza kabla ya kumaliza kuvuta kiti. Na kazi aliyopewa ilikuwa kuichukua ile hatua ndefu na ile hatua fupi, akazifanye sawa.

"Itakuwa tayari lini?" Mama wa Kapu akauliza.

Fundi saa, wapwa, akafungua mdomo akasema, "Njoo kesho."

Alipoondoka, akaifungua saa kwa nyuma. Kamani, ile springi inayoiendesha, nzima, meno ya magurudumu mazima, mafuta safi. Ugonjwa haukuwepo. Ile waya nyembamba inayoushika ulimi ilikuwa imepindwa kidogo kwa mkono, na pembeni yake kimesokotwa kipande cha karatasi iliyokunjwa ili isije ikanyooka. Akakivuta kwa kibano. Ni karatasi ya lebo ya kanda, na juu yake, kwa mwandiko ule ule wa lebo zake saba, imeandikwa USIGUSE. Akakirudisha mahali pake kama mtu aliyefumaniwa.

Kesho yake mama akaja. "Bado, mama. Kuna kifaa nakingoja." Ijumaa akaja. "Kifaa kimekuja, si chenyewe." Jumanne iliyofuata mjomba wenu alikuwepo, amekaa pale pembeni anasoma gazeti la mtu wa fotokopi, akasikia kwa masikio yake haya mawili shemeji anasema mafuta ya saa ile yanahitaji kukauka siku tatu. Gazeti likamwanguka.

"Shemeji," mjomba akamwambia mama alipotoka, "nusu dakika ya kazi hiyo. Hata mimi nimekuona ukifanya mara mia. Unakunja waya, basi."

"Najua."

"Sasa?"

Fundi akaelekeza kidevu ukutani. "Nikiinyoosha, haipo tena popote."

"Si ipo kwenye kanda?"

"Kanda zinaisha," akasema. "Kila nikizipiga zinafifia kidogo. Zile za mwisho wa upande wa pili nazikumbuka kuliko ninavyozisikia." Akachukua bisibisi, akaangalia ncha yake, akairudisha. "Hii ndiyo pekee inayotembea yenyewe."

Mjomba alikuwa na utani mzuri kabisa mdomoni. Akaumeza, na hadi leo hakumbuki ulikuwa upi.

Mama wa Kapu alikuja mara ya tano. Safari hiyo hakusimama kwenye kioo. Alizunguka meza, akakaa kwenye kiti cha Fundi mwenyewe, kapu mapajani.

"Fundi," akasema, "nilidhani nimeileta kwa fundi saa. Naona umeanza ushonaji."

Fundi akaona aibu mpaka masikio. Hakuwa na uongo mwingine wa akiba. Hakuwa na uzoefu. Akapanda ngazi, akashuka na redio ya kaseti, ameikumbatia na mpira wake wa baiskeli. Akaweka kanda ya Wazee wa Kutu. Akamwambia kila kitu, kwa haraka, akiangalia sakafu: kanda saba, miaka yote, saa, kina dada.

"Sijawahi kuzisikia," mama akasema. "Alikuwa anasikilizia hedfoni. Mimi nilisikia ngoma peke yake siku nzima, kesho gitaa peke yake, keshokutwa anaimba bila kitu kama mwendawazimu. Alikuwa na redio mbili, hii inapiga na hii inanasa. Godoro dirishani. Kanda zikikamilika anazifunga kwenye bahasha, anazituma kwa wauza kanda."

"Kwa nini hakuandika jina lake?"

"Alisema mtu mmoja akijulikana anapiga vyote mwenyewe, watu watamwonea huruma. Bendi haionewi huruma."

Fundi akabonyeza. Gitaa kavu likaanza. Krr, krr. *Paa taratibu, paa, mvua haijafika.*

Mama akainua mkono. "Huyo ni mimi."

"Yupi?"

"Hiyo krr. Ni kisu changu."

Fundi akazima. Mama akawa anacheka, cheko la kifuani lisilotoka nje. "Napaa samaki, Fundi. Nilikuwa nimekaa na beseni nyuma ya dirisha lake natoa magamba. Yeye akaipenda ile sauti, akaninasa. Shida mimi napaa haraka, nampita na ile saa yake. Ndipo akawa ananiambia, paa taratibu, paa, mvua haijafika. Maana mvua ikianza kupiga bati hakuna kurekodi siku hiyo." Akafuta jicho kwa kiganja. "Sikujua alikuwa anaimba. Nilidhani anasema na mimi."

"Alikuwa anasema na wewe," Fundi akasema.

Miaka ishirini na sita, wapwa. Si bati, si mnyama. Samaki. Fundi akageuka kuelekea ngazi, mdomo wazi, kama anataka kumwita mtu wa juu aje asikie, na pale pale akakumbuka. Akabaki amesimama hivyo, mkono kwenye reli ya ngazi. Baadaye sana alimwambia mjomba kwamba tangu siku ya mazishi hajawahi kuwa peke yake kama dakika ile, ana jibu mkononi la moto kabisa na hana pa kuliweka.

Akarudi akasimama mbele ya mama. "Niachie ilivyo," akasema. "Hiyo saa. Ukutani pale ziko kumi na tisa, chagua yoyote, chagua mbili. Zote zinatembea sawa."

Mama akatikisa kichwa. "Unajua kwa nini aliipinda?"

"Kwa ajili ya mapigo. Ili muziki usitembee kama wanajeshi."

"Kaka alikuwa na mguu mmoja mfupi," mama akasema. "Tangu utotoni. Kanyagio la dramu alikuwa analigonga kwa mguu huo, na saa ikitembea sawa yeye anaachwa. Basi akaipinda itembee kama yeye." Akalishika kapu kwa nguvu. "Mimi niko jikoni, Fundi, namsikia anatoka chumbani. Hatua ndefu, hatua fupi. Anakuja, anakuja, hafiki. Nimeshamimina vikombe viwili sijui mara ngapi."

Fundi hakumwambia habari za vikombe vyake.

"Wewe unaye humo," mama akasema, akigusa redio kwa kidole kimoja. "Kanda saba. Ukitaka unamwasha, ukichoka unamzima. Mimi ninaye ukutani, na hana pa kuzimia. Sitaki saa ya mwingine. Nataka hiyo hiyo, lakini aache kutembea."

Basi Fundi akaishusha kwenye msumari wa ishirini. Akaweka lenzi jichoni. Akakitoa kile kipande cha karatasi, akakiweka juu ya kitambaa cha manjano. Akaishika ile waya kati ya kidole gumba kilichopinda na cha shahada, na hapo akangoja. Pale ukutani kumi na tisa ziliendelea kujisemea. Mama hakumhimiza. Alikuwa amefumba macho, naye anasikiliza kwa mara ya mwisho kitu alichokuja kukifuta.

Fundi akakunja. Ni pumzi moja tu. Akaitundika tena, akasukuma ulimi. Tik, tak, tik, tak. Sawa kabisa, kama mtu yeyote, kama saa yoyote.

Mama akafumbua macho. Akasikiliza kwa muda. "Ameketi," akasema.

Alipotaka kufunga shuka, Fundi akampa ile karatasi ya USIGUSE. Mama akaiangalia, akamrudishia, akasema kaa nayo wewe, unajua kutii. Leo imo kwenye kasha la Wazee wa Kutu, na Fundi haipigi kanda hiyo zaidi ya mara moja kwa mwezi, ili isiishe upesi. Mama alirudi mara moja kusikiliza Kina Dada Watatu, akacheka mpaka saluni wakachungulia. Alisema atarudi kwa zile nyingine. Kiti chake kipo. Jioni Fundi akipanda juu anauliza, "Chai?" na zipo siku hajibu.

Lakini mjomba anakimbilia mbele. Kabla mama hajaondoka ilibidi saa ijaribiwe kugonga, maana ndivyo Fundi anavyokabidhi kazi, haiachii saa mpaka aisikie. Ilikuwa inakaribia saa kumi jioni. Akausogeza mshale mkubwa hadi juu kabisa, na ile saa, wapwa, ikagonga mara kumi, kumi kamili kwa kuwa ilikuwa saa kumi, sauti nzito ya kutikisa mifupa, mashine ya saluni ikajizima yenyewe, mtu wa fotokopi akatoka mlangoni na karatasi mkononi, na chozi moja la Fundi likadondoka juu ya meza, na kioo cha meza kikapasuka kutoka kona hadi kona, na nje barabara nzima magari yaka—

"Saa kumi inagonga mara nne," anasema Fundi. Amesimama nyuma ya kiti cha mjomba, lenzi jichoni, na hakuna ajuaye amesimama hapo tangu ukurasa gani. "Mshale mdogo unakuwa kwenye nne. Inagonga nne. Umeoa kwetu miaka yote hii hujui?"

"Wewe ndiye uliyeoa kwetu, shemeji."

"Nne. Na kioo hiki hapa umeegemeza kiwiko. Kimepasuka wapi?"

"Na chozi je, nalo nifute?"

Fundi anainama, anausoma tena mstari huo, polepole, kidole gumba kikiufuata.

"Hilo liache," anasema.

Basi mjomba anaandika nne, wapwa, kwa amani ya nyumba, lakini hizo nne zilivyolia, kila moja ilikaa hewani kiasi cha robo saa, hata mbwa wa mtaa wa tatu walikaa chini wakaanza ku—

"Shemeji," anasema Fundi.